Kuku Ndani ya Ampu ya Baba Mkwe

Nimenunua magita ya besi kwa watu wa kila aina. Nimenunua kwa mlevi aliyelia huku akinikabidhi, nimenunua kwa kanisa lililogawanyika na kila upande ukaapa kwamba gita ni lao, nimenunua kwa bwana harusi aliyeambiwa na mke mpya achague moja. Ndiyo kazi yangu. Nina kibanda Kondele, Kisumu, nyuma ya wauza mitumba, ambako natengeneza besi na ampu za kukuzia sauti na kuziuza, na Jumapili napiga besi kanisani. Kwa hiyo nikitoa ushauri kuhusu jambo hili naomba nisikilizwe: usiende kununua besi kwa wakwe.

Besi hutaka kuchunguzwa bila haya. Unaigeuza, unachungulia shingo yake kwa jicho moja kama seremala anavyochungulia ubao, unagonga mgongo, unanusa ndani ya ampu ujue kama kuna kitu kiliwahi kuungua. Unaguna. Kuguna ni nusu ya biashara. Halafu unamwambia mwenye mali kwamba kitu chake ni takataka, naye anakuambia wewe ni mwizi, na kutoka hapo mnaanza kuelewana. Sasa hebu jaribu kumgunia mama mkwe.

Baba mkwe wangu alikuwa mpiga besi wa bendi ya dansi siku za ujana wake, enzi ambazo bendi zilizunguka ufuo mzima wa ziwa zikipiga kwenye kumbi za soko na madarasa ya shule. Mimi nilipofika kuoa, vidole vyake vilikuwa vimekakamaa na alikuwa fundi wa injini za boti huko kwao upande wa Usenge. Sikumsikia akipiga hata siku moja. Lakini besi ilikuwepo, imetundikwa sebuleni kati ya kalenda na picha ya harusi, na kila tulipowatembelea nilikula mkono ukipeleka ugali mdomoni na macho yakiwa ukutani. Mwili wake ulikuwa wa mti mzito mmoja, wa aina ambayo siku hizi hupati. Kuhusu ampu, mke wangu alinieleza kwamba ilikuwa sanduku kubwa lenye taa za kioo ndani, ambazo huwaka polepole kama mtu anayeamka bila kupenda. Maelezo hayo yaliniharibia usingizi. Ampu za namna hiyo, hata ukizitafuta Nairobi, unaonyeshwa picha kwenye simu.

Kuiona kwa macho yangu sikuweza, kwa sababu ilikuwa chumbani kwa mama mkwe.

Hapa lazima nieleze mambo yalivyokuwa. Siku hizi mjini Kisumu utamkuta mtu na mama mkwe wake wanakula samaki meza moja, wanachekeana, wanapigana picha. Mama mkwe wangu si wa siku hizi. Hadi wakati huo, tangu nimwoe binti yake, alikuwa hajawahi kunipa mkono, hajawahi kuniangalia usoni, na hajawahi kunisemesha moja kwa moja, hata salamu. Huo si ubaya, ni heshima, na mimi nilimheshimu vivyo hivyo. Akiwa na neno kwangu alimpa mtu mwingine aniletee, hata kama nimekaa hapo hapo nalisikia. “Mwambie ora chai iko,” angesema, maana sisi mkwe tunamwita ora. Mke wangu angenigeukia: “Chai iko.” Nami ningesema, “Mwambie Mama asante,” na asante ingevuka chumba kwa njia ile ile. Siku moja mke wangu alikuwa msalani na hapakuwa na mtu wa kutumwa, mama mkwe akamwambia paka kwamba mvua inakuja na ora aingize viatu vyake. Niliingiza viatu. Paka naye aliingia.

Basi ikiwa mazungumzo yetu yalikuwa hivyo, chumba chake cha kulala kilikuwaje? Mkwe haingii humo, hachungulii, hapiti karibu na mlango ikiwa pazia limeinuka. Afadhali mtu akuone umeketi kwenye kiti cha chifu.

Mzee alipofariki nililia kwa dhati, na nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea. Nakubali kwamba wakati nikilia nilikuwa nimesimama upande wa besi. Muda ukapita, siku ya ibada ya kumbukumbu na kuweka msalaba ikakaribia, tukaenda nyumbani mapema kusaidia matayarisho. Nikaona ndiyo nafasi. Nikamwomba mke wangu amuulize mama yake kama vyombo vya marehemu vingeweza kuuzwa. Tulikuwa sote watatu sebuleni, mama mkwe amekaa mlangoni na ungo, anachambua omena, dagaa wa ziwani, za kupeleka soko la Port Victoria.

“Mama, ora anauliza hiyo thum ya Baba inauzwa?” akasema mke wangu. Thum kwetu ni chombo cha muziki, chochote kile.

Mama mkwe aliwatazama kuku wa uani. “Mwambie ora vitu ya mwenye nyumba haiuzwi.”

“Haviuzwi,” mke wangu akaniambia, kana kwamba nilikuwa ng'ambo ya ziwa.

“Na umwambie, siku ya kumbukumbu nataka nisikie yeye. Si kinanda ya kanisa, si redio. Yeye. Kama ora ni fundi vile anasema, aamshe hiyo vitu iongee na sauti ya mwenyewe. Nikisikia yeye, nitajua huyu ni mtu wa kuachiwa. Nisiposikia, hiyo sanduku ikuwe ya kuku, na hiyo gita nitachemshia maharagwe.”

Kuhusu maharagwe nilielewa mara moja, na nikahisi baridi. Kuhusu kuku ilibidi nielezwe. Ampu za zamani nyingi huwa wazi nyuma, na kuku mmoja mweusi wa mama mkwe alikuwa ameona pale pana kivuli na faragha, akaingia, akataga kando ya spika, na sasa alikuwa anaatamia. Mama mkwe alikuwa ameshaamua kwamba kuku haondolewi mpaka aangue. Na ampu yenyewe haitoki chumbani kabla ya siku yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo mwenye nyumba alipoiweka kwa mikono yake. Kwa maneno mengine, nilitakiwa kutengeneza mashine nisiyoruhusiwa kuiona, ndani ya chumba nisichoruhusiwa kuingia, bila kumsumbua kuku.

Nilianza na besi, kwa sababu mkono ulikuwa unaniwasha. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliishusha ukutani. Huyu ni mwendesha boda boda, mrefu, mwenye maneno mengi, na kazi yake siku hiyo ilikuwa kukaa juu ya pikipiki iliyozimwa na kunitazama. Nilikaa mbele ya simba yake, ile nyumba ndogo ya kijana upande wa lango, nikatandaza gunia na vifaa vyangu.

Nyuzi zilikuwa zimeota kutu, nikazing'oa. Shingo ilikuwa imepinda kwa unyevu wa ziwa, nikakaza kile chuma kirefu kilichomo ndani yake, kidogo kidogo, mpaka ikanyooka. Nilisugua vyuma vya shingoni, nikapaka mbao mafuta, nikafungua kifuniko cha nyuma na kulehemu upya waya zilizolegea. Kule chini, pale nyuzi zinapoegemea kile kibao cha chuma, nilikuta uchafu: kitonge cheusi kigumu kama lami, na kijiti kikavu kimenasa ndani yake. Niliguna kwa raha, maana huku nje hakuna aliyenikataza. Nikakibandua kwa ncha ya kisu, nikakitupa, kuku wakakigombania. Nikafunga nyuzi mpya nilizotoka nazo Kondele.

“Ora, hiyo kitu sasa unaweza jiona sura,” akasema shemeji.

Nilijisikia daktari.

Kazi ilikuwa kwenye ampu. Tulikubaliana hivi: mke wangu angeingia chumbani na tochi ya simu, mimi ningesimama nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, uso ukielekea msalani, nimwelekeze kwa mdomo. Mke wangu ni mwalimu wa darasa la tatu. Amezoea kuuliza maswali, hajazoea kuulizwa.

“Unaona nini?” nikauliza.

“Kuku.”

“Zaidi ya kuku.”

“Kuku ananiangalia.”

“Juu ya kuku.”

“Juu yake kuna chupa kama za dawa ya sindano, zimepangwa. Moja imelegea, imelala upande.”

“Hizo ndizo taa. Usiguse kitu mpaka nikwambie. Hiyo mashine huweka umeme ndani hata ikiwa haijachomekwa. Inaweza kukurusha vibaya.”

Nilisikia hatua zikirudi nyuma.

“Na kuku?” akauliza.

“Kuku ana bahati.”

“Kwa hivyo unatuma bibi yako mahali kuku anaishi na bahati.”

Niliogopa, na sioni aibu kulisema. Ampu ile ilikuwa imekaa kitambo bila kuguswa na bila shaka umeme wake ulikuwa umeshakwisha, lakini nimewahi kutupwa chini na mashine iliyodaiwa kuwa imekufa. Nilimwambia avae ndara za mpira, mkono mmoja auweke nyuma ya mgongo, nikampitishia dirishani bisibisi ndefu niliyoifunga waya wa kumaliza umeme uliobaki. Niliipitisha kinyumenyume, bila kugeuza kichwa. Jirani aliyekuwa akipita na ng'ombe wake alisimama akanitazama nimeegemea ukuta wa mama mkwe, napitisha vitu dirishani kwa nyuma huku nikiongea peke yangu. Nilimsalimia. Hakuitikia, alimchapa ng'ombe wakaenda zao.

Mke wangu aligusa alipotakiwa kugusa, hakurushwa, nami nikapumua. Aliondoa taa moja moja, akafuta miguu yake kwa kitambaa, akazirudisha. Alipuliza vumbi la kitufe cha sauti, akapiga chafya, kuku akalalamika.

“Kuna waya mbili zinaenda kwa spika,” akasema. “Moja haijafika.”

“Haijafika vipi?”

“Imekatwa. Hapana, imedonolewa. Iko na alama ya mdomo.”

Tatizo lote lilikuwa hapo. Nikampitishia chuma cha kulehemea kikiwa cha moto na kipande cha waya wa risasi wa kuyeyusha, nikamweleza jinsi ya kuunga. Kutoka ndani yalisikika maneno ambayo mwalimu wa darasa la tatu hapaswi kuyajua. Nikajua amejichoma.

“Mwambieni ora asinimalizie mtoto,” ilisema sauti ya mama mkwe kutoka jikoni, ikiwa imetumwa kwa yeyote aliye karibu. Aliyekuwa karibu alikuwa mbuzi.

Hatimaye tukachomeka. Mke wangu akawa ananisimulia kama mtangazaji wa mpira: taa zinaanza kuwa nyekundu, moja imechelewa, sasa nayo imewaka. Kisha nikasikia mwenyewe, kupitia ukuta, kwenye mgongo wangu, ule mngurumo mdogo wa ampu ya zamani iliyo hai. Nilifumba macho.

“Kuku je?”

“Amejitandaza. Nafikiri anapenda joto.”

Tulivuta waya mrefu kutoka kwenye ampu, ukapita chini ya pazia la chumba hadi sebuleni, nami nikakaa huko nimelipa pazia mgongo, besi mapajani. Nikapiga. Jamani, ilikuwa safi. Kila noti ilitoka imeoga, imenyolewa, imevaa shati jeupe. Nilipiga mwendo wa benga, nikapanda, nikashuka, nikamalizia kwa madoido yangu yote, kisha nikangoja.

Mama mkwe alikuwa nje ya mlango, bado na ungo wake. Alichambua omena kidogo zaidi.

“Mwambie ora,” akasema, “ok en.”

Siye. Mke wangu hakuniletea neno hilo, aliinamisha kichwa tu. Nikageuza vitufe vya besi, nikaongeza uzito wa chini, nikapunguza makali ya juu, nikapiga tena. “Ok en.” Nikahamisha mkono, nikapiga kwa kidole gumba kama walivyopiga wazee. “Ok en.” Hapo nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilitaka kusema kwamba umeme ni umeme na nyuzi ni nyuzi, besi iko sawa kuliko ilivyotoka kiwandani, na kama mtu hasikii vizuri hilo si suala la fundi. Lakini huwezi kumwambia mama mkwe mambo kama hayo. Nikaiambia kalenda. Nilisema na kalenda kwa sauti ya juu kidogo.

Mama mkwe aliinuka. Alikuja mpaka kizingitini, na kwa mara ya kwanza akaitazama besi iliyokuwa mapajani mwangu. Aliitazama kwa muda mrefu, pale chini kwenye kibao cha chuma.

“Mwambie ora,” akasema, “ile tete yangu iko wapi?”

“Tete gani, Mama?” mke wangu akauliza.

“Ile ilikuwa chini ya nyuzi. Na nta yake.”

Nilitazama nje kwa kuku. Kuku nao walinitazama. Shemeji yangu, aliyekuwa ameniona nikibandua na nikitupa, alicheka mpaka ikabidi ashuke kwenye pikipiki.

Mama mkwe aliketi kwenye kigoda, akaweka ungo chini. Alimweleza binti yake, lakini maneno yalikuwa ya kunifikia mimi. Baba yake yeye mama mkwe alikuwa mpiga nyatiti, kinubi chetu. Nyuzi za nyatiti hazilii hivi hivi, chini yake hubandikwa matete kwa nta, ili kila uzi ukipigwa ukwaruze kidogo, na mkwaruzo huo ndio watu husema ni nyatiti. Sasa kijana mwenye gita la umeme alipokuja kumposa, baba mtu alimwambia kwanza apige. Akapiga. Mzee akasikiliza akasema hiyo ni ugali bila mboga, binti hatoki. Basi binti akateremka ziwani akakata tete, akabandua nta kwenye nyatiti ya baba yake bila kuomba, akabandika kwenye gita la yule kijana kwa mkono wake. Siku ya pili kijana akapiga tena. Mzee alicheka, akakubali.

“Hiyo ndio ilifanya nikapewa,” alisema mama mkwe. “Maisha yake yote alipiga na hiyo. Akiwa kwa soko ya mbali, mimi niko hapa jikoni, nasikia, najua ni yeye. Si besi ya mtu mwingine.”

Masikio yalikuwa yananiwaka kwa aibu. Nilikuwa nimemsugua mzee wa watu mpaka akatoweka, na kipande cha mwisho nikawapa kuku. Hata hasira iliisha. Nilitamani nimwombe msamaha mwenyewe, kwa mdomo wangu, lakini nilishindwa kujua nimtume nani.

Mama mkwe hakungoja msamaha. Alichukua kisu, akateremka ufuoni, akarudi na tete. Nta alikuwa nayo kidogo kwenye mkebe, ile anayopaka uzi wa kushonea magunia. Shida ikawa nyingine. Tete halikai popote tu. Likisogea kidogo huku halisikiki, likisogea kidogo kule uzi unakufa kabisa. Aliyejua mahali pake ni yeye. Mwenye kupiga ni mimi. Na mtu na mama mkwe wake hawawezi kuinamia gita moja.

Tukafanya hivi. Kiti kiliwekwa katikati ya ua, waya ukavutwa mpaka hapo. Mimi nakaa, napiga. Mama mkwe yuko mlangoni mwa jikoni, anatikisa kichwa. Naiweka besi kitini, natembea mpaka kwenye wigo wa minyaa, nauangalia. Yeye anakuja, anainama, anasogeza tete kwa ukucha, anarudi jikoni. Mke wangu anakohoa. Nageuka, narudi, nakaa, napiga. Kichwa kinatikiswa. Naenda kuangalia minyaa. Tulifanya hivyo alasiri nzima, na minyaa ile hadi leo naijua kuliko watoto wangu.

“Ora, hii mechi iko na nusu ya pili?” akauliza shemeji.

Wakati mmoja mama mkwe alisahau. Alikuwa amesikia kitu, akaanza kuja huku mimi bado nimeketi, mkono ameshaunyoosha kuelekea nyuzi. Tukaganda wote wawili. Alimgeukia kuku aliyekuwa karibu akamkemea vikali kwa kosa ambalo kuku hakulifanya, kisha akarudi jikoni. Mimi nilikwenda kwenye minyaa kabla ya kukoholewa.

Na halafu, sijui ni safari ya ngapi, nilikaa nikapiga uzi wa chini na sauti ikatoka na mtu ndani yake. Ilikwaruza. Ilikuwa ni kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema neno kubwa. Kwa miaka yote ya ufundi wangu nimewatoza watu kuondoa mlio wa namna hiyo, na sasa nywele zilinisimama. Nilipiga noti hiyo hiyo tena, polepole. Kutoka chumbani kuku aliyekuwa akiatamia alitoa sauti, kwa mara ya kwanza tangu tuwashe mashine.

“En owuon,” akasema mama mkwe. Ni yeye mwenyewe. Hakumtuma mtu neno hilo. Alifuta mikono kwenye leso, akaingia jikoni, akakaa humo muda mrefu, nasi tukamwacha.

Siku ya kumbukumbu vifaranga walikuwa wameanguliwa. Vijana wa ukoo walibeba ampu kutoka chumbani wakiipeleka kwenye hema, na yule kuku mweusi akatoka nyuma yao kwa ghadhabu, manyoya yamesimama, vifaranga wakimfuata kwa mstari. Wageni waliinuka kwa heshima. Nafikiri walidhani ni sehemu ya ibada.

Nilipiga pamoja na gita na ngoma za kanisa. Nilipiga polepole, maana nilijua sasa huyu mzee hakuwa na haraka. Besi ilikwaruza, na niliona wanaume wa makamo wakiacha kutafuna, wakigeuza vichwa, wakimtafuta aliyekuwa akipiga hivyo zamani. Mwimbaji wa kanisa alinong'ona kwamba kuna kitu kimelegea kwenye ampu yangu. Nilimwambia aimbe.

Sasa, kwetu muziki ukinoga, mtu yeyote ana haki ya kuusimamisha. Anainua mkono, wapigaji wananyamaza, anawatunza chochote, kisha anajisifu au anamsifu amtakaye, ndipo muziki unaendelea. Tunaita pakruok. Na kwenye pakruok mtu husema mambo ambayo siku nyingine hayasemeki. Mchungaji hakupenda, lakini aliyeinua mkono alikuwa mjane wa marehemu, basi mchungaji akaketi.

Nilinyamazisha nyuzi kwa kiganja. Mama mkwe alisimama mbele ya hema, yule kuku mweusi amembana kwapani.

“Mimi ni nyar nyatiti,” akasema, binti wa nyatiti. “Mimi ndiye nilikata tete. Mimi ni bibi ya yule mtu, akigusa uzi hapa, omena inageuka huko Port Victoria.”

Watu walipiga kelele za kumkubali. Alitembea mpaka kwenye ampu, akamweka kuku juu yake.

“Huyu kuku anaenda na nyumba yake,” akasema. “Na gita inaenda na nyumba ya kuku.”

Kisha akamgeukia mke wangu. “Mwambie ora,” akaanza, akanyamaza. Akageuka, polepole, akaniangalia usoni, nami nikagundua kwamba macho yake ni yale yale ya mke wangu.

“Ora,” akasema. “Nenda na yeye. Lakini usimsafishe.”

“Ndiyo, Mama,” nikasema. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake, na niliyasema kwa sauti ndogo hata sijui kama yalifika. Mke wangu, machozi yakimtiririka, kwa mazoea tu akamgeukia mama yake.

“Amesema ndiyo,” akamwambia.